Kufa Basi, Tule Ubwabwa

Jumapili iliyopita niliwaacha nikiwa nyuma ya usukani, mlango wazi, majirani wakinisukuma kuelekea mteremko wa msikitini. Wapo waliopiga simu gazetini kuuliza kama gari liliwaka. Liliwaka. Laiti lisingewaka.

Kwa mgeni wa ukurasa huu nieleze upesi. Mimi ni Mwinshehe, nina duka la mbegu na mbolea hapa Kilosa. Nilinunua gari kuukuu la mradi uliofungwa, lile la kuvuta tairi zote nne, ili masika nipande milimani kwa wateja wangu bila kuomba msaada wa mtu. Tangu siku hiyo sijapata usingizi wa maana.

Selfu, ile mota ya kuwashia injini, ilikufa, kwa hiyo siegeshi ila kwenye mteremko. Kisha tairi moja ikapasuka, nikanunua ya mtumba iliyozidi wenzake ukubwa, ingawa nilishaambiwa gari la aina hii halitaki tairi zilizopishana. Tairi zikaanza kugombana, na ugomvi wao ukaishia kwenye krosi, kile kiungo cha mtaimbo unaopeleka nguvu tairi za nyuma. Kila nilipobadili gia, chini kulipiga du.

Mke wangu Mwamvua akaapa hapandi tena. Fundi Yeremia wa Mikumi akasema anayo krosi nzima, ameitoa kwenye gari lililopinduka, nimpelekee gari alitengeneze. Ndiyo safari yenyewe.

Wale wanaopenda kunicheka kila wiki, leo mtanisamehe.

Nilipita kijiji cha Ulaya salama. Mbele ya hapo njia inakaribiana na pori la hifadhi, na wiki hiyo tembo walikuwa wametoka wakaingia mashambani. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi alinionya nikiwa bado nakanyaga mafuta, maana gari langu nikiliachia linazimika.

"Ukifika kona ya matete usisimame, baba. Jana walikuwa pale na mtoto wao."

"Wengi?"

"Sikukaa kuwahesabu."

Kona ya matete naijua. Nyasi zimesimama pande zote mbili kuliko paa la gari, na njia imebana. Nilipoingia pale nilikuwa nimeukumbatia usukani, macho yote kulia, kwa sababu kulia ndiko kulikokuwa na shamba la mahindi lililovunjwa. Mabua yamelala chini, mengine yameng'olewa na mizizi. Kinyesi chao kilikuwa bado kinafuka moshi.

Niliogopa, ndugu zangu. Nikakanyaga mafuta.

Hapo ndipo kulipiga du.

Sasa, du nimeizoea. Gari langu lina du ya gia ya pili, lina mlio wa bushi, lina kilio cha beringi kinachoanza tukifika kwenye lami. Mwenye gari kuukuu anazijua kelele zake kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe, na asipoziba masikio hafiki popote. Kwa hiyo nikasema, krosi hiyo.

Lakini du ya krosi hutoka nyuma, naisikia kiunoni. Hii ilitoka mbele, upande wa kushoto. Niliisikia kwenye nyayo.

Nilijua. Nawaambia ninyi neno ambalo siku ile sikumwambia mtu. Nilijua, kisha nikaamua kwamba sikujua.

Ningesimama, gari lingezimika pale tambarare, na wa kunisukuma wangekuwa tembo. Nikatupa jicho kwenye kioo, nikaona nyasi zinatikisika. Upepo, nikasema. Nikaenda zangu.

Karakana ya Yeremia iko Mikumi, nyuma ya maegesho ya malori. Ni mtu mnene mwenye kucheka hata akiwa chini ya gari. Niliegesha kwenye kimteremko chake, akaweka jeki na magogo, akaingia chini. Nikasubiri kama mshtakiwa.

"Kaka," akaita, "umeokoka."

"Nini?"

"Krosi imekatika upande mmoja. Ungekwenda kidogo tu mtaimbo ungedondoka, ukachoma ardhi, gari likapiga sarakasi. Hukusikia kishindo njiani?"

"Nilisikia. Pale kwenye matete."

"Ndiyo yenyewe hii."

"Lakini kilitoka mbele."

"Kishindo cha chini kinatembea, kaka. Kitu kinaweza kukatika huku ukakisikia kule. Mimi nimeona, na wewe umesikia tu. Umwamini nani?"

Nikamwamini yeye. Nilimwamini kwa moyo wote, kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba uvimbe ule ni jipu. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti. Nikaagiza chai na chapati, zangu na zake. Yeye akaanza kuufungua mtaimbo, mimi nikakaa kwenye tairi bovu nikipuliza chai, na dunia ikarudi kuwa nzuri.

Simu ikaita. Nikaona jina la Doto.

Huyu Doto lazima niwaeleze. Ni Mnyamwezi, baba yake aliletwa Kilosa kukata mkonge na hawakurudi kwao tena. Mimi ni Msagara. Mnaojua mambo haya mmeshaelewa. Doto ni mtani wangu, na mtani hakasirikiwi hata afanye nini.

Na amefanya. Alipofariki baba yangu, Doto alishuka kaburini kabla ya maiti, akalala chali, akasema shimo zuri, hatoki mpaka apewe jogoo. Watu walilia huku wanacheka. Ramadhani iliyopita alinipigia akihema, "Mwinshehe, duka linaungua." Nilikimbia peku mpaka sokoni. Nikamkuta amekaa kwenye benchi langu mchana kweupe anatafuna muhogo, duka liko zima, ananiuliza nani ananikimbiza.

Tangu siku hiyo nilikuwa nasubiri zamu yangu. Nikaipokea simu nikiwa tayari natabasamu.

"Mwinshehe," akasema. "Umenigonga."

"Salamu kwanza. Mnyamwezi hana adabu hata akigongwa."

"Umenigonga, bwana. Kwenye matete. Nilikupungia mkono."

"Ulikuwa unataka nini?"

"Lifti."

Yeremia alikuwa anasikia, maana simu yangu ina sauti kubwa. Nikaona tumbo lake linacheka chini ya gari.

"Mguu umevunjika," Doto akasema. Alikuwa anasema taratibu, neno moja moja. "Na tumboni pananiuma vibaya. Rudi unichukue."

"Mguu upi?"

"Wa kulia."

"Basi wa kushoto unao. Panda baiskeli uje."

Nyuma yake nilisikia kengele ya ng'ombe. Nikasema moyoni, huyo, amekaa mahali na wachunga ng'ombe wanamtazama anavyoniigizia.

"Msagara, leo sitanii."

"Hata lile duka lilipoungua hukutania."

"Mwinshehe. Nakufa."

Na mimi nikamjibu.

"Kufa basi, tule ubwabwa," nikamwambia. "Na usihofu, kaburini nitatangulia mimi nikupashie joto."

Nikacheka. Yeremia naye akacheka, akapiga bodi ya gari kwa spana. Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia, kwa sababu hofu yote ya asubuhi ilikuwa imepata mlango wa kutokea. Nilipoirudisha simu sikioni, ilikuwa imekatika.

"Huyo mtani wako ni kiboko," Yeremia akasema, akijivuta kutoka chini. "Anajuaje kwamba umepita kwenye matete?"

"Njia ni hiyo moja."

"Kweli."

Akajifuta mikono. Akazunguka mbele ya gari kuchukua nyundo, akasimama.

"Kaka, umepaka nini huku?"

Nikaenda. Kwenye madigadi ya mbele kushoto nyuki walikuwa wametua, wametanda, wengine wanaingia na kutoka nyuma ya bampa. Taa ya upande ule ilikuwa na ufa ambao sikuujua. Katikati ya bampa na bodi kulikuwa kumebanwa kipande cha plastiki ya njano, kama cha ndoo. Yeremia akapitisha kidole palipokosa nyuki, akanusa.

"Asali," akasema.

Akanigeukia.

"Huyo mtani wako anafanya kazi gani?"

"Anauza asali," nikamjibu.

Hapakuwa na aliyecheka tena.

Nikapiga namba ya Doto. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Nikapiga tena. Haipatikani. Nikapiga mpaka Yeremia akaniambia, "Acha, utamaliza chaji."

Nikampigia Mwamvua.

"Doto umemwona leo?"

"Si alipita hapa alfajiri," mke wangu akasema. "Nilikwambia wakati wanakusukuma."

"Uliniambia nini?"

"Kwamba anapeleka ndoo ya asali Mikumi kwa baiskeli. Nikamwambia subiri, Mwinshehe anakwenda huko huko. Akasema gari lako mpaka liwake yeye ameshafika Ulaya, utamkuta njiani umbebe. Hukumkuta?"

Nilisema mtandao mbaya, nikakata.

Nilikuwa naisikia sauti yake ile ya taratibu, kila neno peke yake. Doto hasemi taratibu. Doto akikutania maneno yanakimbizana kwa sababu kicheko kinayasukuma kwa nyuma. Nilimjua miaka yote hiyo, na siku moja aliyohitaji nimjue sikumjua.

"Rudisha mtaimbo," nikamwambia Yeremia.

"Krosi nimeshaing'oa, na kuingiza nyingine ni kazi ya mpaka jioni."

"Basi uache hapo chini. Funga vilivyobaki, litembee na tairi za mbele."

"Kwenye tope lile? Hilo gari bila nguvu ya nyuma ni toroli, kaka."

"Funga, Yeremia."

Akafunga. Lakini mikono yake ilikuwa mizito, na alipomaliza akanishika bega.

"Nisikilize. Usirudi kule peke yako. Nenda kituoni, jisalimishe, urudi na askari. Unajua watu wanavyofanya wakimkamata dereva. Hawakuulizi."

"Na Doto?"

"Kama ni mzima, yuko na watu. Kama si mzima, hana haraka."

Neno hilo la pili nililisikia vizuri. Na bado, ndugu wasomaji, niwaambie nilifanya nini baada ya kulisikia. Nilichukua ndoo ya Yeremia, nikatia sabuni ya unga, nikaosha madigadi. Nilisugua. Nyuki wakaniuma mkononi nikaendelea kusugua. Kile kipande cha njano nikakichomoa, nikakitupa nyuma ya rundo la tairi. Yeremia alisimama ananitazama, hakunisaidia, wala hakunizuia.

Kisha akanisukuma kwenye kimteremko chake, na gari likawaka.

Penye njia ya kwenda kituo cha polisi nilipunguza mwendo. Mguu mmoja ulitaka kukata kona na mwingine ulitaka kwenda mbele. Nilikuwa na hofu ya aina mbili: hofu ya kumkuta amekufa, na hofu ya kukutwa mimi na watu. Sitadanganya kwamba nilichagua kwa ushujaa. Nilifikiri, nikifika na askari nitakuwa mshtakiwa, na nikifika peke yangu ninaweza kuonekana msamaria. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Nikaenda mbele.

Mvua ilikuwa imegusa upande ule. Gari lililozoea kusukumwa na miguu minne sasa lilikuwa linajikokota kwa miwili, kila dimbwi linataka kulala. Mara mbili lilizunguka likaangalia nilikotoka, kana kwamba linanishauri. Nikalikanyagia mafuta, nikalitukana, nikaliomba, likatoka.

Kwenye kona ya matete, mtu alikuwa amesimama katikati ya njia ameinua fimbo.

Alikuwa mzee wa kifugaji, mrefu, shuka lake limelowa mpaka magotini. Nyuma yake vijana wawili na mama mmoja mwenye kibuyu. Pembeni, kwenye majani yaliyolala, niliona gurudumu la baiskeli limepinda.

Sikuwa na pa kupita. Nikasimama, mguu mmoja kwenye breki na mwingine ukichokoza mafuta ili gari lisizimike. Mzee akaja dirishani. Mzee ni mzee, hata ukiwa na roho mkononi.

"Shikamoo," nikasema. Ilitoka ndogo, injini ikaimeza nusu.

"Marahaba, mwanangu. Mungu amekuleta. Tuna mgonjwa hapa. Tangu asubuhi magari yanapita mbio, watu wanaogopa tembo. Tupeleke Mikumi hospitali."

Nikatikisa kichwa kukubali. Hawakunijua. Kwao nilikuwa dereva wa kwanza mwenye huruma. Mungu anisamehe, nilipoona hivyo nilifurahi.

Kijana mmoja akasogea, kijana mwenye macho makali, simu ya Doto iko mkononi mwake. Niliijua kwa kasha lake jekundu.

"Aliyemgonga alikimbia," akaniambia, akipaza sauti juu ya injini. "Lakini tunaye."

Nikainua nyusi.

"Sauti yake tunayo. Mgonjwa alisema anamjua, tumpigie. Mimi ndiye niliyemshikia simu, nikaweka spika tusikie sote. Mgonjwa akamwambia, nakufa. Unajua alimjibu nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Kufa basi, tule ubwabwa. Halafu akacheka. Alikuwa na mwenzake, naye akacheka. Simu ikaisha chaji."

"Mtu huyo hakuzaliwa na mama," yule mama mwenye kibuyu akasema.

"Ile sauti nikiisikia tena popote," kijana akasema, "sitaikosea."

Nilitaka kusema. Nilitaka kuwaeleza kwamba kuna Wasagara na kuna Wanyamwezi, na kwamba maneno yale kati yetu ni salamu, na baba yangu alizikwa kwa maneno kama yale. Lakini ningeeleza kwa sauti ipi? Ninayo moja tu. Na hao ni watu waliohamia juzi na mifugo yao, hawana utani na sisi, watasikia muuaji anayejitetea. Nikashika koo, nikakohoa, nikaonyesha kwa mkono kwamba nimepatwa na mafua. Mzee akasema pole.

Wakamleta.

Walikuwa wamemlaza kwenye blanketi lililofungwa kwenye miti miwili. Doto ni mtu wa kelele, mwili wake wote ni kelele, na sasa alikuwa kimya kama mzigo. Uso umebadilika rangi. Mguu wa kulia umefungwa vijiti, na unyayo unaangalia mahali unyayo hauangalii. Alikuwa anahema kifupi kifupi. Shati lake lilikuwa limeganda asali na tope.

Wakamwingiza kiti cha nyuma. Mama akaingia naye, akamweka kichwa mapajani. Nikamwona kwenye kioo, karibu kuliko nilivyotaka. Nikaanza kulia, nikajifanya ni mafua.

Nilisema kimoyomoyo, sasa twende. Twende, nimfikishe, nipige magoti nikiwa kule, nikiri yote nikiwa kule. Nikaingiza gia.

Mzee alikuwa hajapanda. Alikuwa amesimama mbele ya gari, upande wa kushoto, ameinamia madigadi. Nyuki mmoja alikuwa anazunguka pale. Akaja wa pili. Nilikuwa nimeosha kwa sabuni na mikono yangu miwili, na bado walikuwa wanakuja.

Mzee akapitisha kiganja kwenye bodi. Akaigusa taa penye ufa. Akanusa vidole vyake, akafikiri, akanusa tena.

"Gari lina tope kila mahali," akasema. "Hapa pameoshwa kwa sabuni."

Kijana akaenda kuangalia. Wa pili akaja mlangoni kwangu, hakufungua, alisimama tu akiweka mkono juu yake.

Mguu wangu ulikuwa unatetemeka juu ya mafuta. Nikajaribu kuutuliza kwa mkono. Ukateleza, gari likakohoa, likazimika.

Mkiwa mmeishi na injini siku nzima masikioni, ikizimika kunakuwa na kimya cha kutisha. Nilisikia maji yanadondoka kutoka kwenye nyasi. Nilisikia pumzi ya Doto nyuma yangu. Tulikuwa tambarare.

Mzee akafungua mlango wa nyuma. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Akamgusa Doto shavuni.

"Baba, fumbua macho. Mtazame huyu dereva. Unamjua?"

Doto akafumbua macho.

Tulitazamana kupitia kioo, kisha nikageuka, kwa sababu niliona aibu kumtazama kwa kioo mtu niliyemwambia afe. Ana alama yake Doto. Kabla ya kukutania, pembe ya mdomo inaanza peke yake, na ukiijua unaweza kujihami. Niliitafuta. Niliitafuta kama mtu anayetafuta funguo gizani. Haikuwepo.

Akanitazama muda mrefu.

"Simjui," akasema. "Sijawahi kumwona."

Akafumba macho.

Sikuelewa kama ameniokoa au amenifuta. Huenda aliona vijana wale na fimbo zao, akaamua kunificha, na kama ni hivyo basi mtu niliyemvunja ndiye aliyenikinga. Au alikuwa amesema kweli kabisa: mtani wake alikufa asubuhi ile kwenye simu, na huyu aliyekaa mbele ni mgeni. Machozi yalinitoka na sasa sikusingizia mafua.

Mzee akaufunga mlango taratibu. Akaja mpaka dirishani kwangu, akaegemeza fimbo kwenye bodi.

"Yeye hakujui," akasema. "Vizuri. Na wewe, mwanangu? Unamjua huyu?"

Nikatikisa mkono kuonyesha koo.

"Najua, mafua. Sema hata kidogo. Tutakusukuma gari liwake, mgonjwa amezidiwa. Lakini kwanza nijibu kwa mdomo wako."

Nyuma yangu Doto alikohoa, na yule mama akasema kwa sauti ndogo, "Anatapika damu."

Kijana mwenye simu akasogea dirishani, akainamisha sikio.